Nahodha Hupiga Mara Mbili

Hakuna mtu aliyempiga kaka yangu mara nyingi kuliko mimi, na aliyenifundisha kumpiga ni yeye mwenyewe. Ndiyo kazi tuliyokuwa nayo. Yeye alianguka, mimi niliangusha. Mama akiulizwa na majirani alijibu kwamba wanawe wako kwenye televisheni, kisha akageuza mazungumzo haraka, maana akiendelea ingembidi aeleze kwa nini mmoja wao huja kula Jumapili na jicho limefumba.

Televisheni yenyewe ilikuwa Ngome ya Tisa, tamthilia ya watu wanaoishi ndani ya ngome ya chuma inayoelea kati ya nyota, wakipigana na Wakavu, viumbe wa sayari isiyo na tone la maji. Ilidumu miaka ishirini. Nahodha wa ngome hiyo aliigizwa na bwana mmoja mwenye sauti nzito na meno mazuri. Ilipofika zamu ya kutupwa ngazini au kuvunjiwa kiti mgongoni, bwana huyo alikwenda kunywa chai, na kaka yangu akaingia na nguo zilezile, kamera ikimchukua kwa nyuma. Kwa hiyo nyinyi mnaosema mnamjua Nahodha, mnajua sura ya mtu mmoja na kisogo cha mwingine. Kisogo ni cha kaka.

Mimi nilikuwa Mkavu. Si mmoja, wote. Ndani ya yale magamba ya mpira alikuwemo mwanamke mwenye mabega mapana na hasira za karibu, na nimechomwa, nimenyongwa na kutupwa nje ya ngome miaka yote ishirini mfululizo bila kulalamika. Waliolalamika ni magoti.

Katika kazi yetu kuna kanuni moja iliyo juu ya nyingine zote: anayepigwa ndiye mwenye pigo. Mpigaji haanzi mpaka yule wa kupigwa atoe idhini, na haendelei mpaka aonyeshwe kwamba mwenzake yuko mzima. Kaka alinitazama miguuni, akaitikia kwa kichwa, ndipo nikapiga. Kabla ya kuniitikia hakuna mtu aliyeweza kunisogeza, hata awe mkurugenzi mwenye kelele za namna gani.

Msimu wa pili aliteleza kwenye ngazi ya chuma akatua kwa mgongo. Akanyoosha mkono, akapiga sakafu mara mbili kwa kiganja, ta-ta, yaani nipo, endeleeni. Mhariri akauacha mkono ule ndani ya kipindi, na watazamaji wakaupenda kupita kiasi. Watoto mitaani wakawa wanajiangusha vumbini na kupiga chini mara mbili. Tangu hapo iliandikwa katika kila kipindi kwamba Nahodha anaanguka, anapiga sakafu mara mbili, anainuka. Ishara yetu ya uzima ikawa mali ya wenye tamthilia.

Tulipaswa kutafuta ishara nyingine siku ileile. Nilimwambia. Akacheka, akasema kama nipo nitapiga, kama sipo sitapiga, unataka nini zaidi? Nikaona ana hoja. Naomba mlikumbuke hilo, kwamba niliona ana hoja.

Tamthilia ilipokwisha, kampuni moja ya gemu ikapewa haki ya kuigeuza kuwa mchezo wa kompyuta. Wakatuita kwenye ukumbi usio na dirisha, kuta zake zimejaa kamera arobaini na nane, wakatuvisha nguo nyeusi za kubana zilizoshonewa vigololi vinavyong'aa. Kamera hazikuoni wewe, zinaona vigololi, halafu kompyuta inachora Nahodha juu yake. Kaka na kitambi chake cha miaka arobaini na tisa alijiangalia kwenye kioo cha chooni akaniuliza kama tumbo nalo litapewa gololi yake. Siku ya kwanza tulicheka zaidi ya tulivyofanya kazi.

Lakini alifurahi, na furaha yake haikuwa ya mzaha. Tulipokuwa tunavaa aliniambia, "Miaka ishirini watu wananiona kisogo. Safari hii ni mimi mzima, mbele, nyuma na ubavuni. Binti yangu atanizungusha anavyotaka."

Nilijua kitu ambacho hakujua kwamba ninakijua. Wiki moja kabla, wifi yangu, yaani mkewe, alikuwa ameniita jikoni kwake akafunga mlango. Kaka alikuwa anaumwa kichwa tangu mwaka jana, anasahau funguo, anamwita mtoto kwa jina la mama. Daktari alimpiga picha ya kichwa, akawaonyesha, akasema kichwa hiki kimeshabeba kiasi chake. Pigo moja zito tena, damu itavuja ndani. Kaka alimwapisha mkewe asimwambie mtu. Mficha maradhi kilio kitamfichua, na kilio kilikuwa kimeshaanza hapo jikoni.

"Hataacha," wifi aliniambia. "Namjua. Basi kama ni lazima apigwe, apigwe na wewe. Wewe utajua pa kuusimamisha mkono."

Nilimshika mikono yake iliyolowa maji ya vyombo nikamwahidi. Nilijiona hodari kabisa.

Kazi ya gemu ile ilikuwa na mabwana wawili. Wa kwanza ni mkurugenzi wa gemu, mtu mwembamba aliyetafuna vifuniko vya kalamu na kujibu kila swali kwa "tutaona". Wa pili hatukuwahi kumwona. Alikaa katika ofisi ya wenye tamthilia, mbali huko, na kazi yake ilikuwa kuidhinisha. Alijua kila kipindi, kila kitufe cha koti, kila mlango wa ngome unafungukia upande gani. Tulimwita Kamusi. Hakuna kilichoingia ndani ya gemu bila barua yake.

Barua ya kwanza ilikuwa na maneno mawili: Nahodha hafi.

Mkurugenzi alikaribia kumeza kalamu nzima. Katika televisheni Nahodha ana mwandishi wa kumwokoa. Katika gemu ana mtoto wa watu mwenye vidole gumba viwili, na mtoto huyo atakosea, na akikosea lazima Nahodha apatwe na jambo. Waliandikiana wiki tatu. Mkurugenzi alisema gemu isiyo na kushindwa si gemu. Kamusi akajibu kwamba katika vipindi mia mbili na themanini Nahodha hakufa hata mara moja, na hatakufa kwa sababu ya mtoto asiyejua kubonyeza. Mwisho wakaafikiana: Nahodha hafi, Nahodha anaanguka. Mkavu anampiga, anaanguka, anapiga sakafu mara mbili, anainuka kwa goti moja, na kama mchezaji hajabonyeza kwa wakati, anapigwa tena kisogoni kwa rungu na skrini inaingia giza.

Walikuwa wamejaribu kwanza kijana mmoja wa sarakasi, mwepesi kama paka. Kamusi aliyakataa maanguko yake yote kwa mstari mmoja: huyu si Nahodha. Alikuwa ameutazama mwili wa kaka miaka ishirini bila kujua ni wa nani, na alipoletewa wa mtu mwingine akaukataa. Kaka aliambiwa hayo. Alitoka nje akazunguka uwanja wa magari mara mbili ndipo akarudi.

Basi tukaanza kumwangusha. Nilimpiga ngumi, nikampiga teke la tumbo, nikamburuta kwa mguu, nikambamiza kwenye ukuta wa mbao mpaka mbao ikapasuka ikabidi seremala aitwe. Jioni alivua ile nguo na mbavu zake zilikuwa za zambarau kuanzia kwapani hadi kiunoni. Mdomo ulipasuka siku ya tatu, ukashonwa, ukapasuka tena siku ya tano. Hayo tuliyazoea. Kichwa sikukigusa. Kila pigo la kichwa nililisimamisha upana wa kidole kabla halijafika, na yeye aliangusha kichwa kwa wakati wake, kama tulivyofanya maisha yetu yote.

Na hapo ndipo gemu ilipotukamata. Pigo la televisheni ni uongo unaoambiwa jicho moja. Unajua kamera iko wapi, unaificha nafasi nyuma ya bega, na dunia nzima inaguna kwa uchungu. Gemu haina jicho moja. Mchezaji anaizungusha kamera, anachungulia juu, chini, nyuma ya sikio. Kamusi akachungulia. Barua ikaja: pigo la rungu halifiki, kuna nafasi ya kidole kati ya rungu na kisogo.

Kulikuwa na fundi wa kompyuta tuliyemwita Miwani, mtu mpole aliyekula chakula chake mbele ya skrini. Alisema nafasi ile anaweza kuiziba kwa mkono, picha baada ya picha, apewe wiki tatu. Mkurugenzi akasema gemu lazima itoke siku ya kumbukumbu ya kipindi cha kwanza, na wiki tatu hazipo. Kaka akasema hakuna haja ya kumsumbua Miwani, yeye amepigwa kweli mara ngapi?

Wakamvika kofia ya sponji chini ya kofia ya gololi. Kamusi akaandika: kichwa cha Nahodha kimevimba. Kofia ikaondolewa. Nikaanza kumpiga pale bega linapoanzia shingo, kwenye nyama, rungu liguse kweli lakini nyama ndiyo ipokee. Kamusi akaandika: sasa linafika, lakini linaonekana jepesi, rungu la Mkavu ni la chuma. Na kweli, lilikuwa bomba la plastiki lililozungushiwa sponji. Asubuhi iliyofuata nikakuta mtu amemimina mchanga ndani ya bomba.

Nililinyanyua nikalirudisha mezani. Mchanga haukujazwa mpaka mwisho, ukirusha rungu unakimbilia nchani, na pigo linafika zito kuliko ulivyolituma. Nilisema sipigi na kitu kile. Mkurugenzi akasema tutaona. Nikamwambia haoni kitu, na asiponisikiliza atakisikia mgongoni mwake. Kaka akalichukua rungu akajipiga nalo pajani mara mbili, akasema mbona liko sawa, dada yangu amezeeka.

Hapo ndipo ningesema. Daktari, picha, damu, yote, mbele ya watu wote. Nilifungua mdomo kabisa. Kaka alinisogelea akanishika kiwiko, na nikajua kumbe anajua kwamba najua.

"Ukisema, watamrudisha yule kijana," alisema polepole. "Mimi nitarudi kuwa kisogo. Niache, mdogo wangu. Zimebaki siku mbili."

Nikanyamaza. Nina hasira za kupiga watu kumi, lakini sikuwa na ujasiri wa kumwaibisha kaka yangu mbele ya wageni. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema watu. Lake lilikuwa linasikia vizuri sana, na dawa nilikuwa nayo mimi, nikaimeza.

Siku hiyo tulirudia pigo la rungu tangu asubuhi. La thelathini na tano lilimchubua ngozi shingoni. La thelathini na nane aliangukia kiwiko akakaa chini dakika kumi, akinywa maji na kuwatania wale wa kamera. La arobaini Mkurugenzi alisema anaona karibu tumefika. Sponji ya rungu ilikuwa imeanza kulegea, na mimi mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka kuanzia kiwiko. Nilimuuliza kama tupumzike. Akanitazama miguuni, akaitikia kwa kichwa.

La arobaini na moja nilililenga begani kama mengine. Mchanga ukakimbilia nchani, rungu likanishinda mkononi, nikasikia limetua pasipo na nyama. Sauti yake haikuwa ya bega. Kaka akaanguka kwa upande wa kushoto, kama Nahodha anavyoanguka siku zote, shavu likagonga sakafu. Nikasimama na rungu juu nikisubiri. Mkono wake ukanyooka. Ta-ta.

Nikashusha pumzi. Yupo. Akavuta goti la kushoto, akainuka nalo, kichwa kimeinama, kisogo wazi, kila kitu mahali pake. Na mimi nikainua kisigino na kupiga mara ya pili, kwa sababu alikuwa amepiga sakafu mara mbili na kanuni ni kanuni. Rungu likiwa njiani ndipo nikaona kwamba hakunitazama miguuni. Macho yalikuwa wazi, yanatazama ukuta, na hayakuwa na mtu ndani. Mkono ulikuwa umeshapewa ruhusa. Nilijaribu kuurudisha nikachana msuli wa bega, na rungu bado likafika.

Akaanguka tena. Ta.

Nilisubiri ya pili. Mnielewe, nilisimama pale nikasubiri. Mazoea yana taabu. Mwili ule ulikuwa umepiga sakafu miaka ishirini, ulijua kupiga hata akili ikiwa imeshaondoka nyumbani. Ile ta-ta ya kwanza haikuwa kaka akiniambia yupo. Ilikuwa kazi, na kazi ilikuwa imebaki peke yake.

Damu ilianza kutoka sikioni. Mkurugenzi, kule mezani kwake, alipiga makofi. Alikuwa anatazama skrini, na kwenye skrini hakukuwa na damu wala kaka, alikuwepo Nahodha tu, ameanguka vizuri mno. Akasema hatimaye, hiyo ndiyo.

Nilivuka ukumbi sijui kwa hatua ngapi. Rungu la kwanza lilimpata mdomoni na kalamu yake ikaingia pamoja na meno. La pili lilivunja mkono aliouinua. Alipoanguka nikamkalia kifuani nikalitupa rungu, nikatumia ngumi, maana nilitaka kumsikia. Nilimpiga puani mpaka pua ikalala. Nilimpiga sikioni, pale palipokuwa panavuja kwa kaka. Alikuwa anapiga sakafu kwa kiganja, maskini, akiomba niache, na mimi sakafu nilikuwa nimeacha kuiamini. Iliwachukua watu wanne kuniondoa, na mmoja wao nilimng'ata. Nalisema bila kujisifu na bila kujuta sana. Jambo la kujutia nilikuwa nimeshalifanya upande wa pili wa ukumbi.

Kaka alikufa siku ya tatu. Hakuzungumza. Wifi alikuwa amemshika mkono, mimi nimesimama mlangoni kwa sababu hakuniambia niingie. Kwenye mazishi alinipita, akarudi hatua moja, akasema neno moja tu, "Uliahidi." Sijawahi kupigwa hivyo na mtu yeyote, na nimepigwa na wengi.

Jioni ya siku hiyo Miwani alinifuata nje ya uzio wa makaburi. Akanionyesha kwenye simu barua iliyoingia asubuhi kutoka kwa Kamusi. Kamusi hakuwa ameambiwa lolote, alikuwa ametumiwa kazi tu kama kawaida, mashine inatuma yenyewe kila jioni. Ilisema hivi: "Pigo la arobaini na moja limeidhinishwa. Kwa mara ya kwanza anaanguka kama Nahodha tunayemjua. Hongereni. Rekebisho moja: katika anguko la pili amepiga sakafu mara moja. Nahodha hupiga mara mbili. Tafadhali ongezeni."

Nilidhani wifi atakataa. Kampuni ilimtumia wakili mwenye sauti ya rambirambi kuomba idhini, na mimi nikajiandaa kumvunja meno na huyo. Wifi akatia saini. Nilisikia kwa mama kwamba alisema marehemu alitaka aonekane mzima, basi aonekane. Mimi pia waliniletea karatasi: wasahau meno ya Mkurugenzi, nami nisahau mchanga. Nilitia saini kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu moyoni nilijua mchanga haukujirusha wenyewe.

Kamera zilikuwa zinaendelea kunasa siku ile. Hilo niliambiwa na Miwani baadaye, na alisema kama mtu anayekiri wizi. Vigololi vyangu vilikuwa juu yangu nilipokuwa nampiga Mkurugenzi, kila ngumi ikahifadhiwa. Gemu ilikuwa na upungufu, Mkavu wa mwisho hakuwa na namna ya kupigana akishajeruhiwa. Wakachukua ile. Kamusi aliidhinisha bila rekebisho hata moja.

Gemu ikatoka siku ya kumbukumbu. Watu walipanga foleni. Sikuinunua, nikawa napita barabara ya nyuma ili nisione mabango. Miezi minane sikukanyaga kwa wifi, na yeye hakunitafuta. Halafu Jumamosi moja mchana simu ikaingia ujumbe wa binti ya kaka, ana miaka kumi na mitatu: shangazi njoo leo.

Wifi ndiye aliyefungua mlango. Hakunisalimia, ila alisogea nipite, akarudi kwenye meza yake ya kupigia pasi. Binti alikuwa amekaa sakafuni mbele ya televisheni na pedi ya kuchezea gemu mkononi. Nikakaa nyuma yake kwenye ukingo wa kochi.

Hakuwa anacheza ili ashinde. Alimsimamisha Nahodha mbele ya Mkavu, akaondoa vidole, akamwacha apigwe. Nahodha akaanguka kwa upande wa kushoto, akapiga sakafu, ta-ta, akainua goti, akapigwa tena. Ta-ta. Skrini ikaingia giza, binti akabonyeza, wakaanza upya. Kila mara alizungusha kamera mahali pengine. Mbele. Ubavuni. Karibu kabisa na kiganja.

"Hizi mbili za kwanza ni za baba," alisema bila kugeuka. "Na hii inayofuata. Ile ya mwisho si yake. Mkono wa baba haushuki hivyo."

Miwani alikuwa ameifanyia kazi siku nne ile ta moja, akiinakili kutoka zile za anguko la kwanza, na alidhani hakuna mtu duniani atakayeijua.

"Na huyu," akasema, "kabla ya kupiga anainua kisigino cha kulia. Kama wewe ukipanda ngazi zetu."

Nyuma yangu pasi ikaacha kutembea. Nikasikia harufu ya kitambaa kinachoanza kuungua, kisha wifi akaiinua.

"Ni wewe, shangazi?"

"Ni mimi."

"Mapigo yote mawili?"

"Yote mawili."

Nilitaka binti anirukie. Nilitaka achukue chochote kilichokuwa karibu, pasi yenyewe, na nilikuwa nimeshaamua kwamba sitainua mkono. Badala yake aligeukia skrini, akaanza upya, na safari hii hakuondoa vidole. Nahodha alimvamia Mkavu. Binti hakuwa fundi, alibonyeza kwa pupa na hasira, na hasira hizo nilijua zimetoka upande gani wa ukoo. Alipigwa akaanguka. Akarudia, akapigwa. Akarudia, na machozi yakawa yanamdondokea kwenye pedi, anayafuta kwa goti ili asiache kubonyeza.

Niliteremka kwenye kochi nikakaa sakafuni kando yake.

"Usimfuate kichwani," nikamwambia. "Nikiinua kisigino, mkono wa kulia unakwenda juu, na ubavu wa kulia unabaki wazi. Baba yako alinigombeza kwa hilo miaka ishirini, sikuacha. Subiri kisigino. Piga ubavuni, na ukishapiga usinipe nafasi."

Alisubiri. Kisigino kikapanda. Akapiga, na Mkavu akajikunja akarudi nyuma hatua mbili, hivyohivyo ninavyojikunja mimi. Akapiga tena palepale. Mkavu akaanguka kwa magoti, akainuka na zile ngumi zangu za mwisho, zile za Mkurugenzi, nikamwambia asiogope, ameshachoka, ngumi ya tatu huwa anaifungua mno.

Wifi alikuja akasimama kando yetu, halafu akakaa chini, upande wa pili wa mtoto. Hakunitazama. Alitazama skrini.

Tulimuua mara nyingi mchana ule. Ilipofika mara ya kumi hivi, Mkavu alisogea mbele na rungu lake, akaanza kuinua kisigino, na binti hakubonyeza. Alikuwa amegeuza uso, ananitazama. Nikamwitikia kwa kichwa, ndipo akapiga.